SAUTI ZA NEWPORT: JINSI MUZIKI ULIOPOTEA ULIVYORUDISHWA, NA FUNDISHO LAKE KWA CHAMA CHETU

Hotuba ya Kamati ya Elimu iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu, katika sikukuu ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Kamati ya Elimu imepewa nafasi katika shughuli za leo, nayo imeagizwa izungumze juu ya jambo litakalowafaa wanachama katika mwaka huu wa kumi. Wengi walitazamia kwamba tungesema habari za mbolea, au za kupogoa mibuni, au za bei ya mnada. Hayo yamekwisha kusemwa na wenzetu wenye ujuzi kuliko sisi. Sisi tumechagua kuwasimulia habari za tamasha moja la muziki lililofanyika Marekani mwaka 1956, jinsi sehemu kubwa ya sauti zake ilivyopotea, na jinsi ilivyorudishwa baada ya miaka 43.

Hatukuichagua habari hii kwa ajili ya burudani tu. Kila mjumbe anajua shauri lililo mbele ya mkutano huu. Sauti za mkutano wetu wa kwanza, zilizonaswa siku Chama Kikuu kilipoundwa, hazisikiki vizuri. Mvua ilipiga juu ya bati la ghala, na maneno mengi yamefunikwa. Katika mkutano ule ndipo makato ya kila kilo yalipokubaliwa, na baadhi ya wazee waliosimama kusema siku ile wamekwisha kufariki. Sasa limetolewa pendekezo kwamba hotuba zile zisomwe upya na watu wengine, makofi yapachikwe, kisha zigawiwe kwa vyama vyote vya msingi kuwa ndizo sauti za mkutano wa kwanza. Wako wanaoliona kuwa jambo jema, na wako wanaolipinga. Kabla ya kupiga kura twawaomba msikilize kisa hiki, kwa maana jambo kama hili liliwafikia watu wenye vyombo na fedha kuliko sisi, na mwisho wake umejulikana.

BENDI ILIYOKUWA IKIFIFIA

Bwana Duke Ellington alizaliwa katika mji wa Washington mwaka 1899. Alikuwa mpiga piano na mtungaji wa muziki, na sifa zake zilienea tangu mwaka 1927, bendi yake ilipoanza kupiga muziki katika jumba moja la starehe mtaani Harlem, New York, lililoitwa Cotton Club, yaani Klabu ya Pamba. Muziki wake uliitwa jazi, muziki uliozaliwa na Wamarekani Weusi, ambao ndani yake kila mpigaji hupewa nafasi ya kusimama na kutunga papo hapo, huku wenzake wakimshikilia kwa mapigo. Wakulima watauelewa upesi: ni kazi ya ushirika, ambayo mtu huonyesha ufundi wake mwenyewe bila kuliacha shamba la wenzake.

Lakini ilipofika miaka ya 1950 bendi kubwa zilikuwa zikifa moja baada ya nyingine. Watu walipenda waimbaji na vikundi vidogo, na gharama za kulisha na kusafirisha wapigaji kumi na watano zilikuwa nzito. Mwaka 1951 Johnny Hodges, mpiga saksafoni aliyekuwa nguzo ya bendi, aliondoka na kuunda kikundi chake. Alirudi mwaka 1955. Bwana Ellington aliendelea kuwalipa watu wake kutoka katika fedha alizopata kwa nyimbo alizotunga zamani. Wako waliosema kwamba siku zake zimekwisha.

USIKU WA TAREHE 7 JULAI 1956

Newport ni mji mdogo wa pwani katika jimbo la Rhode Island. Tangu mwaka 1954 palikuwa na tamasha la jazi kila mwaka wakati wa kiangazi, chini ya uongozi wa Bwana George Wein. Jumamosi, tarehe 7 Julai 1956, bendi ya Ellington ilialikwa kupiga muziki. Kampuni ya santuri iitwayo Columbia ilileta mashine zake za kunasia sauti, chini ya usimamizi wa Bwana George Avakian. Kampuni hiyo haikuwa peke yake. Redio ya Sauti ya Amerika, ambayo kuanzia mwaka 1962 ilisikika pia kwa Kiswahili, ilikuwa na maikrofoni yake na mashine yake, kwa ajili ya kutangaza muziki huo katika nchi za nje. Basi jukwaani palisimama maikrofoni za wenyewe wawili. Twawaomba mlishike neno hilo, maana kisa chote kinalitegemea.

Bendi ilipanda jukwaani mapema jioni ikiwa na upungufu wa wapigaji wanne, ikapiga vipande vichache, ikashuka. Ilingoja kwa saa nyingi wengine wakipiga. Iliporudi usiku ulikuwa umekaribia wa manane, na baadhi ya watazamaji walikuwa wakiondoka. Ilipiga muziki mpya wa sehemu tatu, uliotungwa na Ellington pamoja na msaidizi wake Billy Strayhorn kwa ajili ya tamasha lile. Ulipokelewa kwa adabu, bila shangwe kubwa.

Hapo Bwana Ellington akaagiza kipande cha zamani cha mwaka 1937, chenye sehemu mbili, na kati ya sehemu hizo mbili akamwachia nafasi mpiga saksafoni Paul Gonsalves, apige kadiri apendavyo. Gonsalves akasogea mbele akaanza. Akapita mzunguko mmoja wa muziki, wa pili, wa kumi, wala hakushuka. Alipiga mizunguko 27 mfululizo, na kila mzunguko una vipimo 12, ndiyo kusema vipimo 324, kwa muda upatao dakika sita. Mwanamke mmoja alisimama akacheza, wengine wakamfuata, watu waliokwisha kushika njia wakarudi mbio, hata maelfu wakawa wamesimama juu ya viti wakipiga kelele. Waandalizi waliingiwa na hofu kwamba patazuka ghasia, wakamwashiria Ellington akome. Yeye aliujua umati kuliko wao: aliendelea kupiga, akateremsha muziki polepole mpaka watu wakatulia.

Mwezi uliofuata, tarehe 20 Agosti, picha yake ilichapwa juu ya jalada la gazeti la Time. Santuri ya tamasha lile ilipotoka ikanunuliwa kuliko santuri yoyote aliyopata kuitoa. Tangu hapo alipenda kusema kwamba yeye alizaliwa Newport mwaka 1956.

KILICHOKUWA NDANI YA GUNIA

Sasa tufungue gunia tutazame kilichomo. Usiku ule Gonsalves aliposogea mbele hakusimama mbele ya maikrofoni ya kampuni ya santuri. Alisimama mbele ya maikrofoni ya Sauti ya Amerika. Hivyo katika kanda za Columbia ngoma zilisikika, besi ikasikika, vigelegele vya watu vikasikika. Lakini saksafoni, ambayo ndiyo iliyowainua watu wote, ilisikika kwa mbali kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Isitoshe, ule muziki mpya wa sehemu tatu haukuwa umefanyiwa mazoezi ya kutosha, na wapigaji walikosea mahali kadhaa.

Jumatatu, tarehe 9 Julai, bendi iliingia katika studio mjini New York, ikapiga upya muziki ule mpya na vipande vingine. Kisha makofi na kelele za watu zikapachikwa juu yake. Santuri ikafungwa katika jalada lenye jina la Newport. Kipande cha Gonsalves kilikuwa cha usiku ule kweli, ingawa saksafoni ilikuwa hafifu. Lakini sehemu kubwa ya mengine ilitoka studioni, na makofi hayakuwa yake.

Hatupendi kuwahukumu watu hao kwa haraka. Walikuwa na sababu zao, na sababu hizo ndizo hizo hizo zilizotajwa katika pendekezo lililo mbele yetu. Walitaka kazi isikike safi. Walitaka kumheshimu mtungaji asiabishwe na makosa ya usiku mmoja. Walijua kwamba mnunuzi hutaka sauti nzuri, wala hataki kusikiliza udhuru. Tena santuri ile iliiokoa bendi, na watu wengi waliipenda. Hayo yote ni kweli.

Lakini wakulima wa kahawa mnajua sheria ya alama ya gunia. Kahawa ya daraja la pili si haramu. Huuzwa kwa haki na hunyweka vizuri. Kosa huanzia pale gunia la daraja la pili linapoandikwa la kwanza. Muziki wa studioni ulikuwa muziki mzuri. Kilichokuwa na kasoro ni jina lililoandikwa juu yake. Mnunuzi aliyelipa fedha zake aliamini kwamba anasikia yaliyotokea usiku ule, makosa na maajabu pamoja, kumbe anasikia kitu kingine. Na hasara kubwa zaidi ilikuwa hii: kwa kuwa watu waliridhika na kilichotengenezwa, kwa miaka mingi wengi hawakujua kwamba kuna kilichopotea, na mtu asiyejua kwamba amepotewa hatafuti.

JINSI SAUTI ZILIVYORUDISHWA

Kanda za Sauti ya Amerika hazikutupwa. Zilihifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, miongoni mwa maelfu ya kanda nyingine. Katika miaka ya 1990 kanda ya usiku ule wa Newport ilipatikana, na humo Gonsalves alisikika waziwazi, kwa sababu alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni iliyoinasa. Kazi ya kuunganisha ilisimamiwa na Bwana Phil Schaap, mtaalamu wa historia ya jazi mjini New York.

Twataka kueleza kazi hiyo kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndani yake mna hekima. Kila kanda peke yake ilikuwa na upungufu. Ya Columbia iliinasa bendi vizuri, lakini saksafoni ilikuwa mbali. Ya redio ilimnasa Gonsalves kwa ukaribu, lakini bendi haikukaa sawa na ilivyokaa katika ile nyingine. Mafundi hawakusema, tuchague moja tuitupe nyingine. Walisema, hawa ni mashahidi wawili wa usiku mmoja. Tuwaketishe pamoja waseme kwa wakati mmoja.

Jambo hilo ni rahisi kulitaja na gumu kulitenda. Hakuna mashine mbili za kanda zinazozunguka kwa mwendo ule ule kabisa. Tuseme moja imekosa kwa sehemu moja tu katika elfu. Baada ya dakika 10, ambazo ni sekunde 600, moja itakuwa mbele ya nyenzake kwa zaidi ya nusu sekunde, na msikilizaji atasikia kila pigo la ngoma mara mbili. Tena mwendo huo haukosi kwa kipimo kimoja tangu mwanzo hata mwisho. Huongezeka hapa na kupungua pale. Kwa hiyo hapana budi kulinganisha kanda hizo kipande kwa kipande, pigo kwa pigo, kama makarani wawili wanaolinganisha daftari la mizani na stakabadhi za wakulima, mstari baada ya mstari, mpaka hesabu zikubaliane. Kazi ya namna hiyo ilikuwa karibu haiwezekani kwa mkasi na gundi. Iliwezekana kompyuta zilipokuja, zilizoweza kuigeuza sauti kuwa tarakimu.

Kanda zilipokubaliana, faida nyingine ikaonekana ambayo haikukusudiwa na mtu yeyote mwaka 1956. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita zipatazo 340 kwa sekunde. Maikrofoni mbili zilizosimama mahali mbalimbali hupokea sauti ile ile kwa tofauti ndogo ya wakati na ya nguvu, kama vile masikio mawili ya binadamu yanavyopokea. Ndiyo maana mkulima aliyeko shambani hujua, bila kugeuza kichwa, kwamba pikipiki yaja kutoka mkono wa kushoto. Kanda ya Columbia ilikuwa sikio moja. Kanda ya redio ilikuwa sikio la pili. Zilipounganishwa, jukwaa la Newport likapata upana: huyu yuko huku, yule yuko kule. Mashirika mawili yaliyofanya kazi kila moja kwa haja yake yalikuwa yamenasa, bila kujua, nusu mbili za kitu kimoja.

Mwaka 1999, ambao ulikuwa mwaka wa 100 tangu kuzaliwa kwa Ellington, tamasha lote likatolewa katika sahani mbili. Mlikuwa na matangazo, na minong'ono, na vipande vilivyokosewa, na ghasia za watu, na sauti ya Ellington mwenyewe akiwatuliza. Tena, na jambo hili twaomba lishikwe kuliko mengine yote, wenye kazi hiyo hawakuifuta kazi ya studioni. Waliiweka pia, mahali pake, na jina lake: haya yalipigwa Newport usiku ule, haya yalipigwa New York siku ya pili yake baada ya Jumapili. Kila gunia na alama yake. Hakuna aliyeaibishwa, na hakuna aliyedanganywa.

MIFANO MIWILI MINGINE

Tutaje mifano miwili kwa ufupi. Tarehe 16 Januari 1938 Bwana Benny Goodman na bendi yake walipiga jazi katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York, mahali palipozoea muziki wa heshima wa Kizungu. Kampuni za santuri hazikuja kunasa. Rafiki mmoja, Albert Marx, aliagiza tamasha linaswe kwa gharama yake, apate zawadi ya kumpa mkewe, ambaye aliwahi kuwa mwimbaji wa bendi ile. Palikuwa na maikrofoni moja tu iliyotundikwa juu, na sauti ikakatwa katika sahani za aluminiamu zilizopakwa rangi laini. Zilitengenezwa jozi mbili, moja ikapewa Goodman. Zikasahauliwa kabatini kwa miaka 12, hata zikapatikana na kutolewa mwaka 1950, nazo zikawa miongoni mwa santuri mashuhuri za jazi. Fundisho lake ni hili: sauti zile zilipona kwa sababu mtu mmoja aligharimia kunasa, na kwa sababu nakala haikuwa moja.

Mfano wa pili ni wa tarehe 29 Novemba 1957, katika ukumbi ule ule. Thelonious Monk, mpiga piano, na John Coltrane, mpiga saksafoni, walikuwa wamefanya kazi pamoja miezi michache tu ya mwaka ule, na kumbukumbu za sauti zao wawili zilikuwa haba sana. Tamasha lilifanywa kukusanya fedha kwa ajili ya kituo cha jamii cha Harlem, na Sauti ya Amerika ikalinasa. Kanda zikakaa maktabani Washington kwa miaka 47. Mwaka 2005 mtumishi wa maktaba hiyo, Bwana Larry Appelbaum, alikuwa akishughulika na kanda za zamani zilizokuwa zikihamishiwa katika kompyuta, akaona maandishi ya jazi ya Carnegie Hall mwaka 1957, na juu ya boksi moja mkono wa mtu ulikuwa umeandika jina la T. Monk. Mwaka ule ule muziki huo ukatolewa, na ulimwengu wa jazi ukaupokea kama mvua baada ya ukame. Wanachama, maneno machache ya kalamu juu ya boksi ndiyo yaliyoonyesha njia. Laiti karani yule wa 1957 asingaliandika, nani angalijua afungue boksi lipi?

HABARI ZA KWETU

Hata kwetu neno jazi si geni. Vijana wa zamani hapa wanakumbuka Dar es Salaam Jazz Band, Western Jazz, NUTA Jazz, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Jina walilichukua kutoka Marekani, muziki ukawa wa kwetu, wa magitaa na rumba. Mengi ya muziki huo yalinaswa kwa kanda katika studio za redio ya taifa. Na kanda ni kitu kinachokufa. Ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi. Gundi ya kanda za aina fulani, hasa za miaka ya 1970 na 1980, hunywa unyevu wa hewa mpaka inanata, na kanda ikipitishwa mashinini unga unabanduka pamoja na sauti iliyomo. Mafundi hulazimika kuikausha kwanza kwa joto la polepole kwa saa nyingi, ili ipate nguvu ya kupigwa tena na kunakiliwa. Aina nyingine, za zamani zaidi, huanza kunuka siki na kujikunja, nazo hazifai kukaushwa namna hiyo. Mtu wa ghala la kahawa hahitaji kuelezwa zaidi: unyevu uharibuo maharage ndio uharibuo kanda.

Wala tusidhani kwamba sauti zilizo katika simu zetu ziko salama. Simu huanguka mtoni, huibiwa, hubadilishwa. Kanda ya mwaka 1956 ilingoja miaka 43 juu ya rafu bila kuguswa. Simu ya miaka kumi iliyopita iko wapi leo?

YATUPASAYO KUTENDA

Basi tumefika kwenye shauri letu. Kamati ya Elimu yapinga kwamba hotuba zisomwe upya na kugawiwa kwa jina la sauti za mkutano wa kwanza. Haipingi zisomwe upya. Vijana wa shule wakizisoma vizuri itakuwa heshima kwa wazee wetu. Lakini ziandikwe wazi kwamba zimesomwa upya katika mwaka huu wa kumi, na makofi ya kupachikwa yasiwemo. Sauti za siku ile ni hati. Ndani yake mna mapatano juu ya fedha za wakulima. Siku yoyote mwanachama aweza kuuliza, je, makato tuliyakubali kwa miaka mingapi, na nani alitoa hoja, na nani alipinga? Tukiwa tumepachika makofi mahali ambapo watu walinyamaza, tutakuwa tumepachika ridhaa ambayo haikutolewa. Sauti ya mzee aliyepinga, ikisikika kwa taabu chini ya mvua, ina thamani kuliko sauti safi ya mtu ambaye hakuwapo.

Twashauri mambo haya matano badala yake.

Kwanza, tutafute maikrofoni yetu ya pili. Tumearifiwa kwamba siku ile wako wanachama walionasa kwa simu zao, wengine wakiwa mlangoni, wengine mbele karibu na meza. Kila mmoja ni shahidi. Twawaomba wazilete sauti hizo kwa Katibu, hata kama ni za dakika mbili, hata kama zaonekana hazifai. Pengine mvua iliyomfunika msemaji katika kinasa sauti cha ofisi haikumfunika kwa yule aliyeketi karibu naye.

Pili, sauti ya asili isiguswe. Fundi apewe nakala. Kilichonaswa siku ile kibaki kama kilivyo.

Tatu, kila kazi ya kusafisha iandikwe: nini kimepunguzwa, nini kimeunganishwa, na nani amefanya. Pasiposikika, paandikwe kwamba hapasikiki. Daftari lenye pengo la kweli ni bora kuliko daftari lililojazwa kwa kubuni.

Nne, nakala ziwe tatu, nazo zisikae chini ya paa moja: moja ofisi kuu, moja katika chama cha msingi kilicho mbali, na moja mahali pa kuhifadhia kumbukumbu za serikali endapo tutakubaliwa. Kila mwaka afunguliwe mtu mlango azisikilize, aone kama bado zinasema.

Tano, kila kitu kiandikwe jina lake nje: tarehe, mahali, waliosema, na aliyenasa. Kazi hiyo yahitaji kalamu ya shilingi chache na karani mwaminifu.

Gharama zake hazitafika mbali. Kanuni za ushirika duniani, zilizothibitishwa mwaka 1995, zaweka elimu, mafunzo na habari kuwa wajibu wa kila chama, na katika bajeti yetu limo fungu la elimu. Twaomba sehemu ndogo ya fungu hilo itumike hivyo.

Bwana Mwenyekiti, wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Chama hiki kimekuwa na madaftari ya mizani tangu siku ya kwanza, na ndiyo sababu leo kiko hai ilhali vingine vilivyoanza pamoja nacho vimesahauliwa. Twaomba sauti za waliokiunda zitunzwe kwa uangalifu ule ule tunaoutunzia mzigo wa mkulima: zipimwe kwa haki, ziandikwe kwa ukweli, wala pasiongezwe kitu juu ya mizani. Watoto wetu watakaposikiliza katika mwaka wa hamsini, watasikia mvua juu ya bati, na chini ya mvua hiyo watawasikia babu zao wakibishana, wakikubaliana, na wakitaja majina yao. Hilo latosha, wala halihitaji makofi ya kuazima.

Kwa niaba ya Kamati ya Elimu twaitoa hoja hii, na twaomba iungwe mkono na kupigiwa kura.